Aliyeulizwa Ni Shemeji

"Umeshafika kwenye ini," daktari alisema, na wala hakuniambia mimi. Alimwambia shemeji yangu.

Nilikuwa nimekaa pale pale katikati yao, mkoba mapajani, kama mzigo ulioletwa kupimwa. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, ndevu zake bado zinajiuliza zitoke ama zisitoke. Aliigeuza kompyuta upande wa shemeji, akawa anamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Nikarefusha shingo. Niliona umbo la mtu kama limechorwa kwa moshi. Mbavu hazionekani sawasawa, uti wa mgongo umefifia, ila chini ya mbavu pana doa kubwa jeusi kama tako la sufuria iliyopikiwa kuni.

"Hilo ndilo ini," akasema. "Lote limeshika."

"Sasa daktari," shemeji akauliza, kwa ile sauti yake ya kupunguza bei, "sisi tujipange vipi?"

"Upasuaji hauna maana tena. Mpelekeni nyumbani, mumpe za maumivu. Ale anachopenda."

"Chochote?"

"Chochote."

Shemeji akanigeukia uso umemlainika. "Umesikia, shemeji? Chochote."

Utafikiri nimeshinda bahati nasibu. Nilikuwa na swali moja tu, nilitaka kujua kama nitaumia sana. Nikafungua mdomo. Shemeji akanyanyua kiganja, kile kiganja cha kusema ngoja kwanza watu wazima tumalize, na swali langu likarudi lilikotoka. Wakaagana kwa kushikana mikono. Mimi nikafuata nyuma na mkoba wangu, nimekufa tayari, na hakuna aliyenipa pole ila mwanamke wa kufagia pale mlangoni, ambaye alidhani nimeng'oa jino.

Mniwie radhi nimeanzia huko. Wanaonijua wanasema nina mdomo mchungu, na kweli ninao, lakini zamani ulikuwa mtamu. Ngoja niwaeleze ulivyogeuka.

Mimi ni mama wa mahamri na mbaazi. Shule niliiacha darasa la nne, nikashika kukuna nazi, na tangu hapo sijashuka kwenye mbuzi. Wasiojua, mbuzi ni kile kigoda chenye meno ya chuma mbele, unakikalia ukainama na kifuu mkononi. Mtu akikikalia miaka yote hiyo mgongo lazima uwe na lake la kusema. Wangu ulikuwa ukilia kila asubuhi, na mimi sikuujali. Mume wangu alishatangulia. Mwanangu wa pekee yuko Uarabuni anafanya kazi za nyumba za watu. Kwetu hasa ni Jilore, huko ndugu wanalima, lakini mimi maisha yangu ni Malindi mjini, pale kona ya waendesha bodaboda, na karai langu.

Basi nikapata donge kwenye titi la kushoto, dogo kama korosho. Nikalificha kidogo, kisha likanishinda kulificha, nikaenda Kilifi kwa daktari wa upasuaji. Huyo ni mama mtu mzima, mpole wa maneno lakini mikono yake haibembelezi. Akanibonyeza, akachukua kinyama kikapimwa, akanipa jina la ugonjwa bila kuzungukazunguka. Halafu akanambia: "Mama, umekuja mapema. Nitalitoa donge, titi nitaliacha. Lakini huo mgongo unaolalamika siuamini. Nataka nione kama ugonjwa haujasafiri."

Akanitaka nikapimwe mara mbili, kote Mombasa. Kipimo kimoja ni cha ile mashine ya sumaku wanayoiita MRI, ya kutazama mgongo. Cha pili ni skani ya mifupa. "Ukipata majibu ya vyote viwili," akasema, "niletee mimi. Usimpelekee mtu mwingine."

Niletee mimi. Hayo maneno nayakumbuka kama salamu za marehemu.

Sasa naanza kutaja wenye makosa, na wa kwanza ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

Shemeji ni dalali wa viwanja. Kazi yake ni kumsemea mtu mbele ya mtu. Mwenye shamba hajui kuuza, mnunuzi hajui kununua, shemeji anakaa katikati anawasemea wote wawili mpaka wote wawili wamshukuru. Na kwetu, mtajua, mgonjwa akipelekwa hospitali haendi peke yake, na akienda na mwanamume, basi mwanamume ndiye anayesema. Mgonjwa anakaa kimya kama bi harusi siku ya kutolewa mahari. Daktari anauliza, "Analala vizuri?" na msemaji anajibu, "Analala." Mwenye kulala hakuulizwa. Ndivyo tulivyolelewa. Ni heshima. Mgonjwa anayejisemea watu wanasema huyo hana watu.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na watu. Nilikuwa na shemeji, na hiyo inatosha kumtosha mtu.

Na sisi watu wa Malindi tuna ugonjwa wetu mwingine. Mombasa kwetu si pa kwenda kwenda ovyo. Ukienda ni umalize yote. Upeleke mgonjwa, ununue vitambaa, ukamwamkie shangazi, umrudishie mtu sufuria yake, na jioni uwe umerudi. Shemeji akapiga simu kwa kijana wa kupanga miadi kule kwenye MRI. Nilikuwa karibu naye, namsikia.

"Ndugu yangu, tunatoka mbali. Mgonjwa ni mama yetu. Hebu tufanyie vyote siku moja."

Sijui kijana alijibu nini, lakini shemeji akacheka kicheko cha mkataba uliokubaliwa. "Sumaku asubuhi, mifupa ng'ambo ya barabara adhuhuri! Umeona, shemeji? Ningekuachia wewe ungezungushwa mpaka Krismasi."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulifika Mombasa asubuhi. Kwenye sumaku walinivua hereni, wakanivua pete, wakaniuliza kama nina chuma mwilini. Shemeji akajibu hana. Wakaniingiza kwenye lile pipa linalogonga kama mafundi bati wamegombana ndani. Katikati wakanitoa kidogo, wakanidunga dawa mkono wa kulia, ya kuifanya picha ing'ae, wakanirudisha. Nikatoka na plasta na kizunguzungu. Tukavuka barabara.

Ng'ambo ya pili palikuwa kimya na pasafi. Kuna dirisha, na nyuma ya dirisha yupo mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikuwa na maswali yake ya kuuliza kila mgonjwa, na aliyauliza vizuri, simsingizii.

"Mgonjwa ana mzio wa dawa yoyote?"

"Hana," akajibu shemeji.

"Ana ujauzito?"

Shemeji akanitazama, akamtazama yule mama, wote wawili wakacheka. "Labda wa maharage," akasema. Nami nikacheka. Tulikuwa na furaha siku ile, Mungu anajua.

"Amefanyiwa kipimo kingine chochote leo? Amedungwa dawa yoyote?"

Nikasema, "Nime—"

Shemeji akanikanyaga mguu. Alivaa viatu vyake vya kwenda kuonyesha watu mashamba, vizito. "Hapana dada," akasema. "Huyu tumetoka naye Malindi moja kwa moja. Hata chai hajanywa."

Mama wa miwani akaandika hapana. Tulipokaa kwenye viti nikamwuliza shemeji kwa kunong'ona, "Mbona umemdanganya?"

"Shemeji, hawa watu wakitafuta sababu ya kukurudisha wataipata. Ukisema umeshapimwa watakwambia njoo wiki ijayo. Unataka kurudi mara mbili?"

"Sitaki."

"Basi niachie mimi."

Nikamwachia. Alikuwa na mnunuzi akimngoja jioni, mtu wa bara aliyetaka kiwanja karibu na barabara, na simu haikumtoka sikioni.

Mwenye kosa wa pili ni yule kijana wa koti jeupe aliyenidunga. Huyu hakuwa na haja ya kuuliza, macho alikuwa nayo. Alinikamata mkono wa kulia, akapandisha mkono wa gauni, akaiona plasta. Imekaa pale, mpya, na tone la damu katikati. Akaitazama. Nikamtazama akiitazama. Kisha akasema, "Mkono huu umechoka, mama. Lete ule mwingine."

Basi! Nikampa ule mwingine. Akanidunga dawa yake, ile yenye mionzi ambayo kazi yake ni kuikimbilia mifupa, akaniambia ninywe maji mengi, ningoje. Nikanywa maji, nikaenda msalani, nikanywa tena. Shemeji aliuza nusu ya Ngomeni kwa simu. Mwishowe wakanilaza chini ya bamba la mashine, wakanipiga picha polepole toka kichwani hadi miguuni, nikalala usingizi. Jioni tulikuwa Malindi.

Majibu yalipokuja nikasema twende Kilifi kwa yule mama. Shemeji akasema Kilifi ya nini, kuna daktari wake hapa hapa mjini, rafiki yake, atatusomea leo leo. Urafiki wenyewe ni kwamba alimuuzia kiwanja. Huyo ndiye kijana wa ndevu. Picha ya sumaku aliiona haina neno, mgongo umelika tu. Akaifungua ya mifupa, akaona ini jeusi, na hakujiuliza mbona mifupa yenyewe imepauka kwenye picha ya mifupa. Hakunigusa tumbo. Hakunituma hata nikapigwe picha ya kawaida ya tumbo, ile ya kupakwa mafuta, inayofanywa kila mtaa. Mengine nimeshawaambia.

Basi nikarudi nyumbani kufa.

Sikujua kufa kuna wageni wengi hivyo. Mdogo wangu alihamia kwangu na godoro. Kutoka Vitengeni akaletwa shangazi yetu, mwanamke wa shamba asiyejua kukaa bure, aje kuniuguza. Akinamama wa kanisa wakaja na nyimbo zote za kuvuka mto, nikawaomba angalau waimbe moja ya kubaki ng'ambo hii, wakadhani nimeanza kuweweseka. Kila aliyekuja alileta chakula, kwa sababu daktari alisema chochote. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kuku wa kienyeji. Nikawa nakula, nifanyeje? Gauni zikaanza kunibana. Mdogo wangu akasema ni uvimbe wa ini. Ulikuwa uvimbe wa wali.

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka bara, mcheshi, aliyekuwa akiuza chapati upande wa pili wa barabara, alikuja akakaa kitandani pangu, akanishika mkono.

"Mama mahamri, nimekuja kukuona."

"Asante, mama."

"Yaani nikiangalia ile kona yako imekaa tupu, naumia."

"Pole."

"Watu wa boda wanauliza, sasa sisi tutakula wapi?"

Nikavuta shuka.

"Na lile karai. Karai likikaa bila mafuta linashika kutu, wajua."

Nikampa karai. Nikampa na kona. Kufa nakufa, karai la nini? Alilia machozi ya kweli, akalibeba kichwani, na kesho yake asubuhi niliusikia moshi wa mahamri yangu ukiingia dirishani.

Siku moja shemeji akaja amechangamka, vumbi la Jilore miguuni. Amekwenda kuniangalizia mahali, akasema.

"Mahali pa nini?"

"Shemeji, tusizunguke. Pa kupumzika."

"Umepata?"

"Nimepima kwa hatua mwenyewe. Nimekukatia kona, si katikati kule wanakopita ng'ombe. Unapata upepo pande mbili, na gari linafika mpaka pale." Akasita kidogo, udalali ukamshinda. "Pale hata ungetaka kuuza baadaye, hukosi mtu."

Mdogo wangu akamrushia kandambili. Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Halafu walipoondoka nikajifunika shuka usoni nikalia, maana nilikuwa nimeiona ile kona, naijua, utotoni tulikuwa tukicheza pale.

Wakati huo donge halikukaa kuningoja. Lilikuwa korosho, likawa kokwa ya kungu, likawa kitunguu. Nilikuwa nikiligusa kila asubuhi. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na daktari alishasema upasuaji hauna maana?

Aliyeniokoa ni mvua. Msinielewe vibaya, simaanishi miujiza. Mvua ilinyesha Vitengeni, mahindi ya shangazi yakaota, na magugu nayo yakaota. Wakampigia simu. Shangazi akaanza kuhangaika, anaingia anatoka, anakunja leso anaikunjua. Mwishowe akaja akaketi miguuni pangu.

"Mwanangu, nikuulize, na usinichukie."

"Niulize, shangazi."

"Mimi nipalilie kwanza nirudi, ama ningoje?"

"Ungoje nini?"

Akatazama kando. "Si hicho hicho tunachongojea."

"Sijui, shangazi. Sikuambiwa ni lini."

"Hukuuliza?"

"Shemeji hakuuliza."

"Basi kaulize, mwanangu. Nikikaa hapa, magugu yatanimaliza. Nikienda ukanifia nyuma, watasema nilikimbia. Nipe hesabu yangu nijue."

Alikuwa na haki yake, maskini. Mtu kaacha shamba lake. Na shemeji siku hiyo alikuwa Ngomeni na mnunuzi. Nikaoga, nikavaa gauni lililokuwa bado linanitosha, nikachukua zile picha, nikaenda Kilifi mimi na mdomo wangu, kumwuliza yule mama daktari nitakufa lini ili shangazi akapalilie.

Aliponiona mlangoni akasimama.

"Mama! Nilikungoja. Nilikupangia siku ya upasuaji, hukuja. Kila tukipiga simu anapokea mwanamume, anasema mgonjwa anapumzika."

"Ni shemeji."

"Yuko wapi leo?"

"Leo nimekuja mwenyewe."

"Afadhali," akasema, na akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana. "Nikusaidie nini?"

"Nataka kujua nitakufa lini."

Hakucheka wala hakunipa pole. Akachukua picha akaziweka kwenye kompyuta yake, akaigeuza upande wangu. Alitazama ile ya mifupa, akasogea, akarudi nyuma. Akanilaza akanibonyeza tumbo. Akanitazama macho na viganja. "Unakula?"

"Nakula chochote."

"Naona." Akaketi. "Mama, picha hii ni ya mifupa lakini mifupa haimo. Hebu nisimulie siku ile. Toka ulipoamka. Usiruke kitu."

Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniomba nisiruke kitu. Nikamsimulia. Nilivyovaa, nilivyovuliwa hereni, pipa la sumaku, sindano mkono wa kulia...

"Simama hapo. Walikudunga kwenye sumaku?"

"Ndiyo. Ya kung'arisha."

"Na skani ya mifupa ulifanya lini?"

"Siku ile ile. Tulivuka barabara."

Akavua miwani, akaiweka mezani taratibu sana. "Waliokudunga pale pa pili, waliuliza?"

"Waliuliza. Wakajibiwa hapana."

"Na nani?"

"Na shemeji."

Akanieleza. Ile dawa ya sumaku ikiwa bado imo kwenye damu, dawa ya mifupa inaweza kuharibika njiani. Si kila mara, akasema, lakini huwa. Badala ya kwenda kwenye mifupa inakwenda kutua kwenye ini, na picha inatoka hivi, ini jeusi mifupa imefifia, na ini la mtu halina ugonjwa wowote. Vipimo hivyo viwili hutakiwa viachane, cha kwanza kitoke mwilini ndipo kije cha pili. Ndiyo maana huulizwa.

Aliona kama ananieleza jambo gumu. Mimi nilishaelewa. Nimepika mbaazi za nazi miaka yangu yote. Ukimiminia ndimu kwenye tui, tui linakatika. Linafanya madonge madogo madogo, na ukilipitisha kwenye kifumbu cha kuchujia halipiti, linanasa kule. Hakuna anayekilaumu kifumbu. Ini langu lilikuwa kifumbu tu. Swali ni nani alikamua ndimu.

Akanipeleka chumba cha pili nikapakwa mafuta tumboni. Ini safi. Akanirudisha Mombasa siku nyingine, kwa skani ya mifupa peke yake, na mifupa yangu yote ikaonekana imejipanga kama kwaya. Hakuna kilichosafiri. Ugonjwa ulikuwa pale pale ulipokuwa toka mwanzo, ndani ya titi.

Ila sasa ulikuwa umekua. Daktari alilipima lile donge kwa vidole vyake, akalipima tena.

"Bado utaliacha titi?" nikamwuliza.

"Hapana, mama. Sasa siwezi."

"Na ningekuja siku ile uliyonipangia?"

Akanishika mkono. "Nilikuwa nimepanga kuliacha."

Titi likaondoka lote, na tezi za kwapani zikafuata. Niko hai. Napewa dawa, nywele zilinitoka zikarudi za kipilipili kuliko za kwanza. Shangazi alipopata habari kwamba sifi alipiga vigelegele, akafunga mzigo wake saa ile ile, akaenda kupalilia. Mdogo wangu na wenzake walikuwa wameshashona sare ya zambarau ya mazishi. Wakaona haya kuitupa, wakaivaa kwenye ibada yangu ya shukrani, nami nikakaa mbele nikitazama jinsi ambavyo ningeliliwa. Zambarau inawapendeza, sitawanyima hilo. Karai bado liko kwa jirani. Nilipolidai alisema, "Lakini mama mahamri, si ulinipa ukiwa na akili timamu?" Sasa tunapika zamu, na wateja wake wanasema mbaazi zake bado.

Lakini kuna jambo halijapikwa likaiva.

Nilimwuliza shemeji kwa nini alijibu hapana. Alikuja na kilo ya nyama, akaketi upande wa mlango.

"Shemeji, mimi nilitaka usirudi mara mbili."

"Nimerudi mara ngapi?"

Akaitazama nyama. "Na wao hawakuuliza vizuri," akasema.

Nikaenda kwa kijana wa ndevu. Akanisalimia shikamoo kwa adabu zote, akasema yeye alisoma picha aliyoletewa, kisha akamwulizia shemeji, hati ya kiwanja chake imefikia wapi. Nikaenda Mombasa kwenye sumaku. Wakasema wao kazi yao waliifanya sawasawa, na kijana aliyepanga vyote siku moja alishahama. Nikavuka ile barabara tena. Kijana wa koti jeupe alinikumbuka, au aliukumbuka mkono. Akamwita mama wa miwani, na mama wa miwani akatafuta, akasoma, akasema kwa upole: "Mama, hapa tuliuliza. Mgonjwa akajibu hapana."

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni wewe."

"Na sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke?"

Akasoma tena. Kijana naye akautazama mkono wangu wa kulia, pale palipokuwa na plasta.

Kwa hiyo naandika. Mwanya wa barabara ile si mpana, mtu anauvuka kwa pumzi moja, na mle ndani titi langu lilipotea. Shemeji anasema ni wao. Wao wanasema ni mimi. Kijana wa ndevu anasema ni picha. Hakuna hata mmoja aliyesema ni yeye. Mimi sitaki kesi, na nyama nimeshakula. Nataka mmoja wao, yeyote, aje Malindi, aketi kwenye mkeka wangu, anitazame mimi wala si aliyekaa pembeni yangu, anijibu: nilipokuwa mbele yenu na plasta mkononi, kwa nini mlimwuliza shemeji? Na akija kujibu asije na mtu wa kumsemea.